Kibano, gundi na mbao mbichi: kwa nini viungo hufunguka Kisangani

Kiungo cha mbao kilichogandishwa kwa gundi hutegemea mambo matatu yanayofanya kazi pamoja, yaani ukavu wa mbao, aina ya gundi na nguvu inayozikandamiza mbao hizo mpaka gundi igande, na likikosekana moja kati ya hayo, mengine mawili hayawezi kulifidia. Mjini Kisangani, ambako meza, vitanda na milango hutengenezwa kwa mbao ambazo wanunuzi wa Ulaya na Asia huzitafuta kwa bei kubwa, samani ikianza kuachia viungo muda mfupi baada ya kununuliwa, lawama huangukia gundi, au kole kama wengi waiitavyo kwa kufuata Kifaransa. Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Mbao mbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe iliyo nzuri, zikabanwa ipasavyo, zikilazimishwa kuachana hupasuka kandokando ya kiungo na si kwenye kiungo chenyewe. Kinachopungua katika karakana nyingi ni vibano na muda.

Mji huu, ambao ni makao makuu ya jimbo la Tshopo, umezungukwa na msitu wa mvua wenye sapeli, sipo, limbali, mvule, ambao katika biashara ya kimataifa huitwa iroko, na zaidi ya yote afromosia, mti ambao wanasayansi huuita Pericopsis elata na ambao tangu mwaka 1992 umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Huko Yangambi, kilomita 100 hivi kuelekea magharibi kwa kufuata mto Kongo, miti hiyo imechunguzwa tangu enzi za INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 na ambayo mrithi wake leo ni INERA. Hata hivyo, mbao nyingi zinazofika katika karakana za mjini hazipiti katika tanuri la kukaushia: hupasuliwa kwa msumeno wa mnyororo palepale mti ulipoangukia, husafirishwa kwa mtumbwi, baiskeli au lori, na huuzwa zikiwa bado mbichi.

Ubichi wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa mbao yenyewe ikiwa imekauka kabisa. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayozidi nusu ya uzito huo, na maji yakishuka chini ya asilimia 30 hivi mbao huanza kusinyaa, kiasi kwamba ubao wa sapeli wenye upana wa sentimita 20 unaweza kupungua milimita 5 hivi kabla haujatulia. Vitabu vya useremala vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hushauri mbao ziunganishwe zikiwa na maji ya asilimia 8 hadi 12, kiwango ambacho Kisangani, mji ulio karibu kabisa na ikweta na unaopata mvua karibu mwaka mzima, hakifikiki kwa hewa peke yake, kwa kuwa hewa hiyo, hata baada ya miezi mingi, huiacha mbao ikiwa na asilimia 15 hadi 18. Fundi hawezi kuibadili hali ya hewa, lakini anaweza kuitumia: mbao zikipangwa kwa tabaka zilizotenganishwa kwa vijiti, juu kabisa chini ya paa la bati ambako joto la mchana hupunguza unyevu wa hewa, hukauka zaidi kuliko zile zilizolazwa sakafuni, na kazi ya gundi ikipangwa katika majuma yenye mvua chache, kama yale ya Januari na Februari, hatari hupungua sana.

Gundi nyeupe ya seremala hutokana na asetati ya polivinili, kemikali iliyogunduliwa Ujerumani na Fritz Klatte mwaka 1912, na ndani ya kopo huwa ni chembe ndogo sana zinazoelea katika maji. Maji hayo yanaponyonywa na mbao, chembe hukaribiana, huungana na kuwa utando mmoja ulioingia katika vinyweleo vya mti, na hapo ndipo madhara ya mbao mbichi yanapoonekana wazi, kwa sababu mbao iliyokwisha kujaa maji haina pa kuyaweka maji ya gundi, na utando huchelewa kuungana au huungana kwa udhaifu. Mnunuzi wa gundi hufaidika pia akitazama alama za D1 hadi D4 zinazochapwa kwenye baadhi ya makopo kwa kufuata kiwango cha Ulaya cha EN 204, kwani D1 ni ya samani za ndani pakavu tu, ilhali D3 huvumilia unyevunyevu wa mara kwa mara, na kwa mji kama Kisangani tofauti hiyo si ndogo. Gundi za poliurethani, ambazo hugandishwa na unyevu wenyewe, zinafaa zaidi mahali pa maji, ingawa povu linalojitokeza halina nguvu yoyote na halipaswi kuhesabiwa kama kujaza pengo.

Kuhusu nguvu ya kubana, hesabu yake huwashangaza wengi. Mbao ngumu huhitaji takriban nyutoni 1.2 kwa kila milimita mraba ya uso unaogusana, na ukingo wa ubao wenye urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 2.5 una milimita mraba 25,000, kwa hiyo nguvu inayotakiwa ni nyutoni 30,000, sawa na uzito wa tani 3 hivi, yaani mifuko 60 ya saruji ya kilo 50. Jiwe lililowekwa juu ya meza, au vipande vya tyubu ya baiskeli, ambavyo havikosekani katika mji wa toleka, yaani teksi za baiskeli, haviwezi kufikia kiasi hicho kwenye ukingo wa ubao, japo tyubu inafaa sana kwa miguu ya viti na vipande vya mviringo, kwa sababu kila mzunguko wake huongeza mkazo na huvuta kutoka pande zote.

Kibano cha chuma chenye parafujo, ambacho mafundi wa nchi zinazotumia Kifaransa hukiita serre-joint na wa Tanzania hukiita klampu, hutoa nguvu hiyo kwa urahisi, ila meza moja huhitaji vitano au sita kwa wakati mmoja, na ni karakana chache zinazoweza kuvinunua. Kifaa kinachostahili heshima zaidi kuliko kinavyopewa ni kabari. Mhimili wa mbao ngumu wenye vizuizi viwili ncha kwa ncha, na kati ya kizuizi na kazi zikapigwa kabari mbili zilizoelekezana, hubana kwa nguvu kubwa sana kwa gharama ya mabaki ya mbao tu, na limbali, mti mgumu na mzito, unafaa kwa mihimili hiyo. Wazo la kuishikilia miti kwa kuikaza bila msumari si geni mjini humo: Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya Boyoma, wamezoea kusimamisha miti mikubwa katika maji yaendayo kasi na kuifunga kwa kamba za msituni ili ibebe mitego yao.

Nguvu ya kila kibano husambaa ndani ya ubao kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kwa hiyo mbao nyembamba huhitaji vibano vilivyokaribiana zaidi, na vikipangwa kimoja juu na kingine chini, meza haipindi. Gundi ikitokeza katika matone madogo yanayofuatana mstari mzima, kubana kumetosha. Isipotokeza popote, ilikuwa kidogo au ilianza kukauka, jambo linalotokea ndani ya dakika chache katika joto la mchana. Kwa afromosia kuna tahadhari ya pekee, kwani chuma kikiigusa ikiwa na unyevu huacha doa jeusi la bluu linaloingia ndani ya mti, hivyo kipande cha plastiki au cha mbao nyingine kiwekwe chini ya kila kibano.

Uhakika wa kazi hupatikana kwa kuunganisha vipande viwili vya mabaki siku ileile, kwa gundi na kubana vilevile, na kuvivunja kesho yake kwa nyundo. Nyuzi za mti zikibaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, kiungo ni kizima. Uso ukiwa laini na unang'aa, gundi ilikauka kabla ya kubanwa. Na ukiwa mweupe na unateleza kidoleni, mbao zirudishwe chini ya bati.