Je, Wajua? Nondo Isiyoshikika

Sogea hapa kidogo nikuonyeshe nondo ya ajabu. Haina chuma hata chembe! Ni maelfu ya nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele wako, zilizogandishwa pamoja kwa resini.

Nondo ya chuma ya milimita 12, ile ndefu ya mita 12, ina kilo 10 na ushei. Hii ya kioo, unene uleule na urefu uleule, ni kama kilo 3 tu. Mtoto wa shule anaitia begani na kukimbia nayo.

Unadhani ni dhaifu? Iliyotengenezwa vizuri huvumilia megapaskali 1,000 ikivutwa. Kwa unene huo wa milimita 12, hiyo ni zaidi ya tani 11: ning'iniza ndovu wawili wa tani 5 kila mmoja, na bado haijakatika!

Haya, sasa jaribu kuishika. Hapo ndipo penye kichekesho. Nondo ya chuma, mashine ya maabara huikamata kwa taya zenye meno na kuivuta mpaka ikatike, basi. Ya kioo ukiibana hivyo inapondwa kama muwa kwenye mashine ya juisi, maana nguvu zake zote zimelala kwa urefu. Ubavuni ni laini. Hujaivuta, umeitafuna! Na ukilegeza taya? Inachomoka kama kambale.

Dawa yake ni bomba. Kila ncha ya nondo huvishwa bomba la chuma, pakamiminwa simiti inayovimba au resini, na mashine ikalibana bomba bila kuigusa nondo yenyewe.

Na hiyo simiti inayovimba, unajua ina kazi gani nyingine? Kupasua miamba! Wachimba mawe hukoroga unga huo wa chokaa na maji, wakaumimina kwenye matundu ya mwamba na kwenda zao. Wakirudi wanakuta jiwe limepasuka, bila baruti wala kishindo. Ndani ya bomba la chuma uvimbe ule hauna pa kutokea, kwa hiyo unaikumbatia nondo pande zote kwa megapaskali 25 na zaidi. Linganisha na tairi la gari dogo: hiyo ni zaidi ya mara 100 ya presha ya upepo wake.

Hesabu nawe. Kiwango cha Marekani cha kuzipima nondo hizi, ASTM D7205, kinataka sehemu iliyo wazi kati ya mabomba mawili iwe angalau mara 40 ya unene wa nondo; kwa hii yetu ni milimita 480. Tuseme umeweka bomba la milimita 380 kila upande. Milimita 760 zimefichwa ili zishikwe tu, na zinazopimwa ni 480! (Mimi nilirudia kujumlisha mara mbili.)

Chuma kikielemewa hurefuka, hukonda shingo, ndipo kikakatika. Hii ya kioo haina adabu hiyo. Unasikia nyuzi chache zikilia pa, pa, halafu ghafla inalipuka, na mikononi mwa mashine kinabaki kitu kama fagio la chelewa. Ndiyo maana kipimio cha mrefuko hutolewa mapema: ni kifaa ghali mno kuachwa kisubiri mlipuko.

Ila ikikatikia ndani ya bomba, jibu hilo halihesabiki. Siku kadhaa za kusubiri simiti ikomae zimekwenda na maji, kaandae nyingine!

Waswisi walikutana na kizaazaa hichohicho kwa nyuzi za kaboni. Mwaka 1996, mjini Winterthur, daraja la Storchenbrücke lilifungwa kebo 24, na 2 kati yake ni za kaboni, kila moja ikiwa na waya 241 za milimita 5. Urs Meier na wenzake wa maabara ya EMPA walizishikaje? Kwa koni iliyojazwa resini na vipunje vya kauri, laini mdomoni na ngumu nyuma, ili waya zisibanwe kwa pupa pale zinapoingia.

Na huko Calgary, Kanada, Sayed-Ahmed na Shrive walizishika nyuzi za kaboni kwa kabari za chuma, zinazobana na kuponda kama zile taya! Ujanja wao waliouchapisha mwaka 1998 ulikuwa kwenye pembe: mwinamo wa kabari ulizidi kidogo ule wa tundu lake, ili mbano uwe mwepesi mbele na mkali nyuma. Ulizidi kwa kiasi gani? Digrii 0.1!