Nuru ya Macho Ikififia, Mama Asilaumiwe

Sisi tunaoitwa kusuluhisha mambo ya nyumba husikia mengi. Mtoto akipatwa na maradhi yasiyofahamika, kidole cha kwanza humwelekea mama: ati ukoo wake una doa. Leo natuyatazame maradhi ambayo kweli hupitia kwa mama, tupime kama lawama hiyo ina haki.

Mnamo mwaka 1871 tabibu wa Kijerumani, Theodor Leber, alieleza maradhi ya macho yanayoandama koo. Kijana mwenye afya, aghalabu wa kiume, huona ukungu katikati ya jicho moja, pasipo maumivu. Baada ya wiki au miezi, jicho la pili hufuata.

Sababu ilianza kubainika mwaka 1988. Ndani ya seli za mwili mna vijumba vidogo mno viitwavyo mitokondria, mfano wa meko ya nyumba: humo chakula na hewa ya oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Vijumba hivi vina jeni zake vyenyewe, 37 tu, nazo mtoto huzirithi kwa mamaye. Herufi moja ya jeni hizo ikibadilika, meko hupungukiwa na moto, yakazidi kutoa moshi, yaani sumu inayoiunguza seli yenyewe. Seli za mshipa wa fahamu utokao jichoni kwenda kwenye ubongo, ambazo zahitaji nguvu nyingi, hudhoofika na kufa.

Je, mama ana kosa gani? Herufi hiyo hakuichagua. Naye aliipokea kwa mamaye, na mara nyingi macho yake mwenyewe ni mazima. Kaka zake huwa nayo pia, ila wao hawawarithishi watoto wao. Wala si kila aliyeirithi hupoteza uoni.

Basi badala ya lawama, natutende. Ikiwa mjomba au ndugu wa upande wa mama alipofuka ujanani, daktari wa macho aambiwe. Kipimo cha damu kipo. Vijana wa ukoo huo wasiguse sigara, kwani moshi wake huwazidishia hatari. Dawa ya idebenoni, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2015, huwasaidia baadhi tu, hivyo tahadhari ni bora.

Nawe mume, kabla hujatamka neno zito, kumbuka: aliyempa mwanao jeni hiyo ndiye huyo huyo amshikaye mkono gizani.