Hesabu ya Seva Juba Huanzia Kwenye Jenereta

Seva inayotumia wati 400 usiku na mchana humaliza takriban uniti 3,500 za umeme kwa mwaka. Jenereta ndogo hutoa uniti 3 hivi kwa lita moja ya dizeli, kwa hiyo mashine hiyo moja itahitaji zaidi ya lita 1,100, na hapo kiyoyozi bado hakijahesabiwa. Mwezi Machi joto la Juba hufika nyuzi 38. Hata umeme wa mji uliozinduliwa Novemba 2019, megawati 33 za awamu ya kwanza, ulizalishwa kwa dizeli. Kwa sababu hiyo, mvutano wa Intel na AMD, kampuni mbili za Marekani zinazounda prosesa za seva, unagusa bajeti ya kila benki, hospitali na wizara hapa.

Zamani prosesa zilishindana kwa kasi. Prosesa ya Intel, Pentium 4, ilipovuka gigahezi 3, joto likawa halivumiliki, na Mei 2004 Intel ikaachana na prosesa iliyokuwa imepangwa kuirithi. Njia iliyobaki ilikuwa kuweka viini kadhaa ndani ya prosesa moja, kila kiini kikishika kazi yake. AMD ilitangulia kwenye seva: Opteron ya viini viwili, Aprili 2005. Intel ikajibu Oktoba mwaka uleule, na mwishoni mwa 2006 ikatoa ya viini vinne. Ile ya viini vinne ya AMD ilichelewa, tena ikatoka na hitilafu.

Baadaye AMD ikadhoofika, na kwa miaka mingi Intel ikatawala soko la seva karibu peke yake. Wanunuzi waliumia. Kutoka viini 4 vya 2006, kampuni hiyo ilifika 28 mwaka 2017. Mwaka huohuo AMD ikarudi na prosesa ya EPYC yenye viini 32, ikapanda hadi 64 mwaka 2019, na Oktoba 2024 ikafika 192. Intel nayo ilishtuka: mwaka 2024 ilitoa prosesa za viini 128 vyenye nguvu, na nyingine za viini 144 vidogo vinavyobana umeme.

Lakini tazama wati. EPYC kubwa ya 2017 ilipangiwa wati 180 kwa viini 32, yaani takriban 5.6 kwa kila kiini. Ile ya viini 192 imepangiwa 500, yaani 2.6 tu, na kila kiini kinafanya kazi zaidi kuliko kile cha zamani. Kwa Juba, hili ndilo tunda kubwa la ushindani huu. Muuzaji akikuletea seva tatu kuukuu za mwaka 2012 kwa bei ya kutupa, piga kwanza hesabu ya dizeli ya miaka mitatu. Mara nyingi seva moja mpya itafanya kazi ya zote tatu, na bei yake itarudi kupitia tangi la jenereta.

Idadi ya viini pekee isikudanganye. Viini vingi vyenye njia chache za kufikia kumbukumbu ni kama maboza ya maji yanayojazwa kwa pampu moja ukingoni mwa Nile: mengi husimama foleni. Hapa pia ushindani umesaidia. Mwaka 2017 EPYC ilikuja na njia 8 za kumbukumbu, Intel ikiwa na 6. Siku hizi prosesa kubwa za pande zote mbili zina 12.

Halafu kuna leseni. Windows Server, tangu toleo la 2016, hulipiwa kwa idadi ya viini, kima cha chini kikiwa 16 kwa seva. Ofisi ya watumishi 40 ikinunua viini 64 italipia vyote 64, hata vile visivyo na kazi. Kwa ofisi kama hiyo, 16 vya kisasa vyatosha kabisa. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji mashine inatumia wati ngapi ikiwa imekaa bure, kwa kuwa usiku kucha na Jumapili nzima seva huwa inakula umeme bila kuhudumia mtu.