Waifai ivuke migomba, ifike kwa depo

Wakati wa kununua mpunga tulipita katika koperative moja upande wa Kasongo, kwenye barabara ya kwenda Kabambare. Ruta ya intaneti iko ndani ya nyumba ya Papa sekretere. Mizani na magunia viko kwa jirani yake, Mama mwenye depo, hatua sitini hivi, na katikati kuko migomba. Asubuhi ile mnunuzi wa Kindu alitia ujumbe katika kundi la WhatsApp la koperative: bei imepanda. Sekretere alikuwa shambani, telefone yake aliiacha nyumbani kwenye chaja. Telefone ya Mama iko katika kundi lile lile, lakini pale depo haikupata kitu. Kufika saa sita, memba watatu walikuwa wamekwisha kuuzia mchuuzi wa njiani kwa bei ya zamani. Jioni maneno yakawa mengi, na mmoja akasema wazi kwamba sekretere alificha ujumbe.

Hakuficha. Waifai ndiyo haikuvuka migomba.

Sisi ni watu wa udongo na mbegu, si mafundi wa redio. Lakini tulikaa pale siku mbili tukijaribu, na tuliyoyaona yanaweza kusaidia koperative ingine yenye shida kama hii.

Watu wanafikiri signali inakufa kwa sababu ya mbali tu. Mbali ni sababu moja. Adui mkubwa ni maji, na jani la mgomba limejaa maji. Baada ya mvua ni mbaya zaidi. Ukuta wa matofali ya kuchoma unakula signali kiasi. Manjanja yanairudisha ilikotoka, kama kioo kinavyorudisha mwanga. Sasa tazameni ruta ya sekretere ilikuwa wapi: chini, nyuma ya kabati ya chuma, pembeni ya mtungi wa maji. Ilikuwa kama mtu anayeita jirani yake akiwa ndani ya pipa!

Basi kazi ya kwanza haikuomba hata franka moja. Tuliitoa pale, tukaifunga juu ya dirisha linalotazama depo, urefu wa mita mbili. Tulichagua pia bendi ya gigahezi 2.4 pahali pa ile ya 5, kwa sababu ya 5 inakwenda mbio lakini inachoka mbele ya ukuta na majani. Signali ikafika mlangoni mwa depo. Kwenye mizani, bado.

Kazi ya pili ilikuwa kifaa cha kurudilia signali, kile wauzaji wanaita ripita. Hapa wengi wanakosea: wanakiweka pale ambapo signali imekufa. Kifaa hakiwezi kurudilia neno ambalo hakikulisikia. Kiwekwe katikati, pahali telefone bado inaonyesha signali nzuri. Mjue pia kwamba ripita ya bei ndogo inasikia na kusema kwa redio moja, kwa hiyo mwendo unashuka karibu nusu. Kwa ujumbe, kwa bei, kwa picha ya jani la muhogo lenye mozaiki, nusu inatosha. Kwa video, wavumilie.

Kwa moto wa umeme, fanyeni hesabu mbele ya kununua. Ruta ndogo inakula kama wati 10. Saa 12 ni watisaa 120, maana yake ampeasaa 10 kwenye batri ya volti 12. Batri ya risasi haipendi kumalizwa chini ya nusu, kwa hiyo tafuteni ya ampeasaa 20 au zaidi. Wale wanaofikiria antena ya setilaiti, hesabu hii haiwatoshi: ile sahani mara nyingi inapita wati 50.

Wengine walituuliza: kwa nini msivute kable tu? Kable ya ruta inafanya kazi mpaka mita 100, na kweli ni imara kuliko hewa. Lakini mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu za dunia zenye radi nyingi kabisa. Shaba iliyofungwa kati ya nyumba mbili ni barabara ya radi. Tuliona ruta moja iliyoungua hivyo, na telefone tatu pamoja nayo. Mukivuta kable, izikeni ndani ya bomba la plastiki, na wingu likianza kunguruma chomoeni pande zote mbili. Kuzika hakumalizi hatari.

Na kama depo iko mbali, mita mia tano au kilometa? Hapo munataka antena mbili za kuelekezana, moja kila upande, zionane bila kitu katikati. Kuonana kwa jicho peke yake hakutoshi: kwa kilometa moja acheni nafasi ya mita 3 au 4 juu ya miti pale katikati ya njia. Mlingoti mrefu unaweza kuwa kazi kubwa kuliko antena. Jambo lenyewe si ndoto. Wenzetu wa kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, walivusha intaneti kwa redio juu ya maji katika mtandao wao wa Pamoja Net. Kule Venezuela, mwaka 2007, wataalamu walifikisha waifai kilometa 382, kutoka mlima mpaka mlima. Sisi hatuombi hata moja.

Iko jambo ambalo fundi hatalimaliza: nani analipa mega? Wiki ya kwanza pale kwa Mama, vijana wa mtaa walipata neno la siri, na furushi la mwezi likaisha kwa siku tano. Sehemu kubwa ilikuwa telefone zinazojipakulia programu mpya zenyewe. Koperative ikabadili neno la siri, ikafungua mlango wa pembeni kwa wageni wenye kipimo, na ikaamua kila memba atoe mchango wake kwa mpunga, siku ya mizani. Neno la siri linabadilishwa kila mwezi, mbele ya prezida, sekretere na Mama. Mtu akitaka kuuza mega kwa watu wa nje, hiyo ni biashara ingine: aulize kwanza ARPTC.

Tulimuomba Mama akate mgomba mmoja tu. Alikataa, na alikuwa na haki, ulikuwa umeanza kubeba. Tukasogeza ripita kwenye nguzo ya uwanja wa kuanika mpunga, tukaifunika na dumu la plastiki lililokatwa. Sasa ujumbe unaingia kwenye mizani. Mama ameandika bei ya siku kwa chaki kwenye mlango wa depo, na yule aliyemshtaki sekretere ndiye anakuja kuisoma wa kwanza.