Jaji Denning, Daraja la Nyali na Mti wa Mwaloni

Mtu aliyeshindwa katika daawa yake mjini Eldoret, akiona kwamba hakutendewa haki, aweza kukata rufani. Wengi hudhani kwamba kukata rufani ni kuanza kesi upya, mashahidi wakiitwa tena mmoja mmoja kusema yale waliyokwisha kuyasema. Sivyo. Majaji wa rufani, nao kwa kawaida ni watatu, husoma maandishi ya kesi, huwasikiliza mawakili, hupima ushahidi ulioandikwa, na kuangalia kama sheria ilifuatwa sawasawa. Katika mabishano hayo wakili hutaja hukumu za majaji waliotangulia, na miongoni mwa majina yanayotajwa mara nyingi ni la Mwingereza mmoja ambaye hakuwahi kuwa jaji katika Kenya. Jina lake ni Lord Denning.

Alfred Thompson Denning alizaliwa tarehe 23 Januari 1899 katika mji mdogo wa Whitchurch, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la nguo na vitambaa. Hawakuwa watu wa ukoo mkubwa, na ni vema msomaji akumbuke hayo, kwa kuwa katika siku zile majaji wengi wa Uingereza walitoka katika nyumba zenye mali. Vita Kuu ya kwanza ilichukua ndugu zake wawili. Yeye mwenyewe alitumikia Ufaransa katika kikosi cha wahandisi. Baada ya vita alirudi Oxford kumaliza masomo ya hisabati, akafundisha hisabati kwa muda, kisha akageukia sheria. Mwaka 1923 alikubaliwa kuwa wakili. Alifanywa jaji mwaka 1944, na mwaka 1948 akapandishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani.

Kabla hajapanda huko alikuwa amekwisha kutoa hukumu moja iliyompatia sifa. Kampuni moja ya London ilikuwa imepangisha jumba zima la nyumba kwa paundi 2,500 kwa mwaka. Vita ya pili ilipokuja watu walihama, vyumba vikakaa vitupu, na mwenye mali akakubali kwa barua kupokea nusu tu ya kodi. Mwaka 1945 jumba lilijaa tena, ndipo kodi nzima ikadaiwa. Denning alisema kwamba tangu jumba lilipojaa kodi nzima ilipaswa kulipwa, lakini kwa miaka ya vita mwenye mali asingeweza kurudi nyuma na kudai ile nusu aliyoisamehe, kwa sababu mwenzake alikwisha kuitegemea ahadi yake. Mwenye kupanga duka katika mji wetu hahitaji kuelezwa zaidi faida ya kanuni hiyo, nayo hutajwa mpaka leo katika mahakama za Kenya.

Twende sasa Mombasa. Mwaka 1931 kampuni iitwayo Nyali Limited ilijenga daraja la kuunganisha kisiwa na bara ya kaskazini. Halikuwa daraja la nguzo kama lile jipya lililofunguliwa mwaka 1980, bali daraja la kuelea juu ya maboya, na kila aliyevuka alilipa ushuru. Baadaye pakatokea ugomvi kati ya kampuni na Serikali: je, magari ya jeshi nayo yalipe ushuru huo? Ugomvi ulifika London, na mwaka 1955 ukawa mbele ya Denning na wenzake katika Mahakama ya Rufani.

Mambo ya ushuru hatuna haja ya kuyafuata hatua kwa hatua. Lililo kubwa ni swali lililozaliwa ndani yake. Mwambao wakati huo ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza. Je, sheria ya kale ya Uingereza, ile isiyotungwa na Bunge bali iliyokua karne kwa karne kutokana na hukumu za majaji, yatumika vilevile penye mikoko na minazi? Amri ya Mfalme iliyoileta sheria hiyo huku ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba itumike kwa kadiri tu hali ya nchi na wenyeji wake inavyoruhusu. Mawakili wengi walikipita kifungu hicho kama mtu apitaye kibao cha njia anayoizoea. Denning alisimama akakisoma.

Akatoa mfano wa mti. Sheria ya Kiingereza, alisema, ni kama mwaloni wa Uingereza. Huwezi kuung’oa na kuupanda Afrika ukatazamia kwamba utakuwa na ugumu uleule ulio nao kwao. Utaota, lakini wahitaji kutunzwa. Ndani yake mna misingi ya haki inayowafaa watu wa kila rangi. Mna pia vitanzi na ujanja wa kisheria usiowafaa wengine, na matawi hayo yapasa kukatwa. Watu wa nchi hizi, alisema, wastahili kuwa na sheria wanayoielewa na kuiheshimu. Na kazi ya kupogoa aliwaachia majaji wa nchi zenyewe.

Mwaloni wengi wetu twaujua kwa kusoma habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre. Lakini habari ya miti ya kigeni watu wa Uasin Gishu hawafundishwi na mtu. Uwanda huu, walipoingia Makaburu mwaka 1908, ulikuwa nyasi tupu kwa sehemu kubwa. Mikaratusi na miwati iliyokuja kujaa mashambani asili yake ni Australia. Miwati ilileta kazi na kiwanda cha dawa ya ngozi. Mikaratusi ilileta kuni na nguzo, lakini ilipopandwa karibu na chemchemi ilikunywa maji mpaka jirani akalalamika. Hapo naona mfano wa jaji ulipungua kidogo. Yeye aliogopa kwamba mti mgeni utadhoofika. Huku kwetu tumeona pia mti mgeni unaostawi kupita kiasi.

Chukua habari ya shamba. Sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 1963, iliyofuata fikira za Kiingereza, ilimfanya yule ambaye jina lake limo katika hati kuwa mwenye mali kamili. Lakini katika jamaa nyingi mtoto wa kwanza aliandikwa kwa niaba ya ndugu zake wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo siku ya kupima, au ndiye aliyejua kusoma. Baba alipokufa, mwenye hati akawaambia nduguze waondoke. Majaji waligawanyika. Katika miaka ya 1970 wako waliosema kwamba hati imefuta haki zote za mila, na wana wakatolewa katika ardhi waliyozaliwa. Wako wengine, na Jaji Chunilal Madan alikuwa mmoja wao, walioona kwamba aliyeandikwa ameshika amana kwa ajili ya ndugu zake. Ilipita miaka mingi kabla ya neno hilo kutulia. Sheria ya mwaka 2012 ilitaja amana za kimila waziwazi, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtu aweza kuidai haki hiyo ijapokuwa haikuandikwa katika hati, mradi aithibitishe kwa ushahidi. Huko ndiko kupogoa, na gharama ya kuchelewa walilipa wale waliokwisha kuhamishwa.

Tena, majaji wa nchi hizi walikuwa nani? Mwaka 1955 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika majaji wa Kenya. Aliyetaka kuwa wakili ilimpasa asafiri mpaka London, na huko akafundishwa sheria za Uingereza, si mila za kwao wala sheria za ardhi yao. Ni wachache walioweza nauli hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1960 Denning aliwekwa kuwa mkuu wa kamati ya kuchunguza mafunzo ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na taarifa yake ya mwaka 1961 ilishauri kwamba wafundishwe katika nchi zao. Mwaka huohuo mafunzo ya sheria yalianza katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kwa ajili ya Afrika ya Mashariki yote. Huko ndiko alikosomea Mkenya Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu kuanzia mwaka 2011 mpaka 2016. Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho katika Kenya alikuwa Kitili Mwendwa, mwaka 1968.

Mwaka 1957 Denning alipandishwa kuingia Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Mwaka 1962 alishuka kwa hiari yake, akawa mkuu wa majaji wa rufani katika kesi za madai, cheo kiitwacho kwa jina la kale Master of the Rolls. Watu walishangaa, lakini yeye alijua kwamba kesi nyingi huishia rufani, wala hazifiki juu. Alikaa hapo miaka 20.

Hatutasema kwamba hakukosa. Mwaka 1980 aliizuia daawa ya watu sita waliofungwa kwa mabomu ya Birmingham, akiona kwamba ni jambo la kutisha mno kukubali kwamba polisi walisema uwongo. Mwaka 1991 watu hao wakaachiliwa, hukumu yao ikiwa imefutwa. Na mwaka 1982, katika kitabu chake, aliandika maneno yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watu weusi wa Uingereza hawafai kuwamo katika wale raia 12 wanaoapishwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kitabu kiliondolewa madukani, akaomba radhi, na mwaka huohuo akastaafu. Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba katika siku za ukoloni kuhukumiwa mbele ya raia 12 wa namna hiyo ilikuwa haki ya Mzungu peke yake. Mwafrika alisikilizwa na jaji na wazee wa baraza, ambao shauri lao jaji aliweza kulikataa.

Denning alifariki tarehe 5 Machi 1999, akiwa na umri wa miaka 100. Kifungu alichosimama kukisoma kingalimo katika sheria za Kenya, kimeandikwa upya mwaka 1967, nacho chataja tarehe 12 Agosti 1897 kuwa ndiyo siku ambayo sheria za Uingereza zilizokuwapo zaweza kutumika huku, kwa kadiri hali ya nchi na wenyeji wake inavyoruhusu. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Moi, hapa Eldoret, hukisoma pamoja na kesi ya daraja la Nyali.