Watoto Wetu na Mabwawa ya Michezo

Baadhi ya familia zetu za Ngara na Biharamulo zikienda likizo Dar es Salaam huwapeleka watoto kwenye mabwawa ya michezo, kama yale ya Wet 'n' Wild kule Kunduchi, wateleze kwenye mabomba makubwa hadi majini. Ni furaha njema, nasi hatuipingi. Lakini wengi wao hawajui kuogelea, na mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo ukiwa chini ya maji ataitaje? Huzama kimya, hata pale maji yanapomfikia mtu mzima kiunoni. Basi mzazi mmoja akae ukingoni, kazi yake kutazama tu. Simu na kugawa chakula awaachie wengine.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, kama wengi tulivyozoea kuona. Mnapoteza dakika. Mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni mdomoni pumzi 5. Asipozinduka, kandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha pumzi 2, mkirudia bila kuchoka huku mwingine akiita msaada. Hata akizinduka apelekwe hospitali, maana maji yaliyoingia mapafuni yaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye.