Kutoka Mnarani hadi Kiganjani: Kiswahili, Runyambo na Mabadiliko ya Utangazaji wa Habari katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mabadiliko ya teknolojia ya utangazaji yanavyobadili mgawanyo wa kazi kati ya Kiswahili na Runyambo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kwa muda mrefu, sheria na leseni zimelifanya lango la habari za redio kuwa lango la Kiswahili. Simu janja imefungua njia nyingine ambamo habari husafiri kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, bila kupita kwa mhariri. Kwa kutumia dhana ya mlinzi wa lango na mfano wa njeo za wakati uliopita, makala inaonesha kwamba tatizo linalozuka si la ukweli na uongo pekee, bali ni la kisarufi pia: taarifa iliyokuwa sahihi ilipotamkwa huweza kupoteza usahihi wake inaposambazwa siku zinazofuata. Inahitimishwa kwamba redio jamii haijapoteza kazi. Kazi yake imehamia katika kutafsiri, kuthibitisha na kutia tarehe.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Eneo la wilaya hizi mbili linapakana na Rwanda na Uganda, na kwa sehemu kubwa Mto Kagera ndio mpaka. Wenyeji wake wengi ni Wanyambo. Lugha yao, Runyambo, ni mojawapo ya lugha za kundi la Rutara, pamoja na Ruhaya, Runyankore, Rukiga, Runyoro na Rutooro (Muzale, 1998). Sarufi yake imeelezwa kwa kina na Rugemalira (2005).

Mjadala kuhusu mabadiliko ya tasnia ya habari nchini Tanzania umeelekezwa zaidi mijini, hususani kwenye kushuka kwa mauzo ya magazeti, kuhamia kwa televisheni za dijitali na kukua kwa vituo vya mtandaoni. Vijijini mabadiliko hayo yana sura nyingine. Huko chombo kikuu cha habari kimekuwa redio kwa miongo mingi, na swali la msingi si kama msikilizaji anasoma karatasi au skrini, bali ni lugha ipi inayomfikishia habari na ni nani anayewajibika kwa lugha hiyo. Makala hii inalijibu swali hilo kwa kuangalia mambo matatu: nafasi ya lugha katika utangazaji wenye leseni, ujio wa ujumbe wa sauti, na matokeo ya ujio huo katika sarufi na msamiati wa habari.

2.0 Lango la Kiswahili

Dhana ya mlinzi wa lango iliingizwa katika taaluma ya habari na White (1950), aliyeonesha jinsi mhariri mmoja anavyoamua ni taarifa zipi zipite na zipi zizuiwe. White alishughulikia uteuzi wa mada. Katika jamii yenye lugha zaidi ya moja, dhana hiyo haina budi kupanuliwa, kwa sababu lango huchuja lugha kabla halijachuja mada.

Nchini Tanzania lango hilo lina historia ndefu. Utangazaji ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1951 ulikua na kuwa chombo cha kujenga taifa baada ya uhuru, na Kiswahili kikawa lugha yake kuu. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliyoanzishwa mwaka 2003 ikachukua jukumu la kutoa leseni. Umiliki ulipanuka, lakini msimamo kuhusu lugha haukubadilika sana. Kanuni za maudhui zimeendelea kuvitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na matumizi ya lugha nyingine yamebaki kuwa jambo la kuombewa ruhusa.

Msimamo huo una hoja yake. Kiswahili kimewaunganisha Watanzania wa lugha nyingi, na historia ya Rwanda mwaka 1994 inaonesha jinsi redio inavyoweza kugeuzwa silaha dhidi ya kundi moja la jamii. Hata hivyo, msimamo huo unazifanya redio jamii, kama FADECO na Radio Karagwe, zikabiliwe na kinzano. Redio jamii huanzishwa ili jamii ijisemee, ilhali mkulima mzee anayezungumza Runyambo nyumbani, shambani na msibani hutakiwa kujisemea kwa lugha yake ya pili. Anayeimudu vyema huonekana ana habari. Asiyeimudu huishia kuwa msikilizaji.

Jiografia inaikoleza kinzano hiyo. Ng'ambo ya mpaka, kusini-magharibi mwa Uganda, vituo vya FM kama Radio West ya Mbarara hutangaza kwa Runyankore, lugha ambayo msemaji wa Runyambo huielewa kwa kiasi kikubwa. Mawimbi ya redio hayakaguliwi mpakani. Kwa hiyo, mkazi wa mwinuko wa Kyerwa unaopokea mawimbi hayo anaweza kusikia habari za nchi jirani kwa lugha iliyo karibu na yake, na habari za wilaya yake kwa lugha aliyojifunza shuleni.

3.0 Ujumbe wa Sauti na Kupanuka kwa Njia za Habari

Simu ya mkononi iliingia katika utangazaji kwa hatua. Mwanzoni iliongeza sauti za wasikilizaji katika vipindi vya moja kwa moja: msikilizaji alipiga simu, mtangazaji akapokea, na mazungumzo yakafanyika kwa Kiswahili chini ya usimamizi wa studio. Lango lilibaki palepale, ila watu wengi zaidi waliweza kulibisha hodi.

Simu janja ilileta badiliko la aina nyingine. Ujumbe wa sauti katika makundi ya WhatsApp hauhitaji masafa, mnara wala mtangazaji. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizofuatiwa na kanuni nyingine mwaka 2020, ziliwataka watoa huduma za maudhui ya mtandaoni wawe na leseni, na zilikataza maudhui ya aina fulani. Hata hivyo, mwanakijiji anayewatumia jamaa zake ujumbe si kituo cha utangazaji, na hakuna leseni inayompangia lugha. Runyambo, ambayo haikupata nafasi ya kutosha katika redio, imepata hapo uwanja wa kutolea habari kwa umma mpana kuliko wa kijiji.

Ong (1982) aliuita usimulizi unaotegemea vyombo vya kielektroniki usimulizi wa pili, akimaanisha kwamba umesimama juu ya msingi wa maandishi: mtangazaji anasikika kama msimulizi, kumbe anasoma. Ujumbe wa sauti unatofautiana na maelezo hayo. Hauandikwi kwanza, hauhaririwi, na hubeba kiimbo, vituo na vihisishi vya mazungumzo ya ana kwa ana. Wakati huohuo, tofauti na mazungumzo hayo, unaweza kuhifadhiwa na kurudiwa neno kwa neno mbele ya watu wasiomjua msemaji. Ni usemi wa faragha wenye uwezo wa tangazo, na hapo ndipo ugumu wa kiisimu unapoanzia.

4.0 Njeo na Uhalali wa Habari

Lugha za kundi la Rutara hutofautisha wakati uliopita kwa kuzingatia umbali wa tukio. Kwa kitenzi -gura ('nunua'), umbo yaagura huhusu tukio la leo, aguzire huhusu tukio la karibu, kwa kawaida la jana, na akagura huhusu tukio la kabla ya hapo. Kiswahili hakina mgawanyo huo katika kitenzi. Alinunua inaweza kuwa ya asubuhi hii au ya mwaka 1950, na anayetaka kubainisha huongeza kielezi. Hata mofimu -ka-, inayofanana kwa umbo katika lugha zote mbili, hutofautiana kwa kazi: katika Runyambo huonesha wakati uliopita wa mbali, ilhali katika Kiswahili hufululiza matukio ya simulizi.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana, utajiri huo ni faida. Msikilizaji hupata wakati wa tukio ndani ya kitenzi bila kuuliza. Lakini njeo ya leo hutegemea siku ya kutamka. Ujumbe unaporejeshwa katika kundi jingine baada ya siku tatu, kitenzi kinaendelea kudai kwamba tukio ni la leo. Kadiri sarufi inavyobainisha wakati kwa usahihi zaidi ndivyo ujumbe unavyopotosha zaidi unapotenganishwa na siku yake. Msemaji hakudanganya, na aliyesambaza hakubadili neno. Hata hivyo, mpokeaji anapata habari isiyo kweli.

Uzito wa jambo hili huonekana wakati wa dharura. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, mkoani Kagera. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika mwezi Juni mwaka huo, watu sita walikuwa wamefariki miongoni mwa wagonjwa tisa waliohesabiwa. Chukulia kwamba katika hali kama hiyo mtu anawaarifu jamaa zake kwa njeo ya leo kwamba jirani amefariki. Ujumbe mmoja ukirudiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kifo kimoja kinasikika kama vifo vitatu. Hofu inayofuata haitokani na uzushi wa mtu, na kampeni inayowahimiza wananchi waepuke waongo haitaiondoa.

5.0 Msamiati Unaovuka Lango

Athari haziendi upande mmoja. Habari inaposimuliwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, mwandishi anayeipeleka redioni hukutana na dhana zisizo na kisawe cha haraka katika Kiswahili. Mfano bora ni butura, yaani mkulima kuuza kahawa ingali shambani, haijakomaa, kwa bei ya chini ili apate fedha za kukidhi shida ya wakati huo. Maneno mkopo na mauzo ya awali hayatoshi, kwani la kwanza huficha hasara ya mkulima na la pili huufanya unyonyaji uonekane makubaliano ya kawaida. Neno butura lenyewe limeingia katika Kiswahili cha habari za kahawa mkoani Kagera na kutumiwa na viongozi na wanahabari.

Hapa lango lilipitisha neno kwa sababu mada isingeelezeka bila neno hilo. Mfano huu unaonesha kwamba uhusiano wa Kiswahili na lugha za jamii katika habari si lazima uwe wa kushindana. Kiswahili hunufaika pale chumba cha habari kinaposikiliza jinsi jamii inavyoyataja mambo yake, badala ya kusubiri istilahi iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza.

6.0 Kazi Mpya ya Chumba cha Habari

Iwapo redio haiwezi tena kuwa ya kwanza kutoa habari, inabaki na kazi gani? Mjadala uliotangulia unaelekeza kwenye kazi tatu.

Kwanza ni kutia tarehe. Mtangazaji anayepokea ujumbe wa Runyambo hana budi kuipata siku ya kutamkwa, kisha kuigeuza njeo kuwa tarehe na saa katika Kiswahili. Kilichoonekana kuwa upungufu wa Kiswahili hapa ni nguvu yake, kwa sababu kielezi cha tarehe hakibadiliki ujumbe unaposafiri.

Pili ni kuonesha chanzo. Kiswahili cha habari kimejijengea rejista ya tahadhari yenye maneno kama inadaiwa, inasemekana na kwa mujibu wa. Ujumbe wa sauti hutegemea sauti ya msemaji kuwa uthibitisho, lakini sauti hiyo haina maana kwa asiyemjua. Mhariri ndiye anayeweza kulitenganisha aliloliona msemaji na alilolisikia.

Tatu ni kurudisha habari iliyothibitishwa kwa lugha ambayo uvumi ulianzia. Kazi hii ndiyo ngumu zaidi chini ya kanuni zilizopo. Sahihisho la Kiswahili halifiki kikamilifu kwa mtu aliyepokea taarifa ya awali kwa Runyambo. Njia inayowezekana ni vituo kuomba ruhusa ya taarifa fupi za dharura kwa lugha za jamii, hasa za afya, kilimo na majanga, zikiambatana na matini ya Kiswahili ili udhibiti ubaki wazi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mabadiliko ya utangazaji ni mabadiliko ya mgawanyo wa lugha. Sera ya lugha moja hewani ilibuniwa wakati mnara ulikuwa njia pekee ya kuufikia umma. Sasa sera hiyo inaidhibiti njia moja tu kati ya mbili, na njia isiyodhibitiwa ndiyo inayotumia lugha ya nyumbani. Kuiacha Runyambo nje ya redio hakuizuii kubeba habari. Kunaizuia tu kubeba habari zilizothibitishwa. Tafiti zijazo zinaweza kukusanya data za ujumbe wa sauti, kwa ridhaa ya wahusika, ili kubaini namna wasemaji wenyewe wanavyozirekebisha njeo wanaposambaza taarifa za wengine.